Nguzo za Taa na Sherehe za Mitaa Yetu: Hotuba kwa Wakazi wa Nakuru

Nilitoa hotuba hii Jumamosi alasiri mbele ya wakazi, mafundi na viongozi wa dini waliokusanyika hapa Nakuru kuzungumzia mabango ya sherehe barabarani. Naiweka nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wetu, mama zangu, mashehe na wachungaji, ndugu zetu Wahindu na Wasikh mliotuheshimu kwa kufika, vijana wa bodaboda mliosimama pale nyuma kwa sababu viti vimekwisha, itifaki yote imezingatiwa. Hamjambo?

Mimi ni fundi wa cherehani. Sijazoea kusimama mbele ya watu. Nimezoea kuinamia kitambaa. Lakini jambo la leo ni la kitambaa, kwa hivyo nimekubali kusimama.

Nina ombi. Mkitoka hapa, msipande matatu mara moja. Piteni Kenyatta Avenue kwa miguu, polepole, mkiinua macho. Tazameni nguzo za taa, moja baada ya nyingine. Mtaona nini? Mtaona tangazo la mkopo. Mtaona tangazo la mganga anayerudisha mpenzi. Mtaona sura ya mtu aliyeomba kura mara ya mwisho, imepauka hadi hamuijui tena. Sasa niwaulize: mtaona Idd? Mtaona Diwali? Mtaona vijana wa mtaa wenu waliochukua kombe? Mtaona chochote kinachosema kwamba kuna watu wanaoishi hapa na kufurahi hapa?

Nguzo zipo. Tumezilipia. Sherehe zipo, tena nyingi. Kilichokosekana ni mpango wa kuviunganisha viwili hivyo.

Mimi nilikulia Bondeni. Wenye umri wangu mnaijua Bondeni ya wakati ule, nyumba zimebanana, ukikohoa jirani anakupa pole. Kila mwaka wakati wa Maulidi, majirani zetu walikata karatasi za kijani vipembe vitatu vitatu, wakazipanga kwenye uzi mrefu, uzi ukapita juu ya uchochoro kutoka bati la nyumba hii hadi bati la nyumba ile. Upande wa mwisho haukuwa na mahali pa kufungwa isipokuwa kwetu. Basi baba yangu, ambaye Jumapili alikuwa mzee wa kanisa, alitoa nyundo akapigilia msumari kwenye boriti yetu, na uzi wa Maulidi ukafungwa pale. Mwaka uliofuata uliletwa uzi mpya, msumari ukabaki ule ule. Ilipofika Krismasi, tukafunga maua yetu ya karatasi kwenye msumari huo huo, upande wa pili ukafungwa kwao.

Kwa miaka mingi nilidhani Maulidi ni sherehe yetu. Sikuelezwa vinginevyo, na sikuona sababu ya kuuliza. Uzi ulikuwa umefungwa kwetu! Mtoto anaelewa hivyo: mahali ambapo pambo limefungwa, hapo ndipo penye sherehe.

Halafu tukija mjini, huku juu kwenye maduka makubwa, sikuona uzi. Niliona barabara safi, miti ya jakaranda imetoa maua yake ya zambarau, na sikuona dalili yoyote kwamba Bondeni, Kaptembwa, Shabaab au Langa Langa ziko katika mji huo. Leo Nakuru si mji tena, ni jiji. Tulipewa hati tarehe 1 Desemba 2021, tukawa jiji la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Je, msumari wetu uko wapi katika jiji hili?

Wako watakaosema, mama, watu wana njaa na wewe unazungumza habari za mapambo. Nimeambiwa hivyo ana kwa ana, na sikumlaumu aliyesema. Lakini acheni niwasimulie jambo la mwaka 2008, kisha kila mtu aamue mwenyewe.

Mnakumbuka Januari ya mwaka ule, ghasia za baada ya uchaguzi. Sitayarudia yote, watoto wako hapa. Mnakumbuka uwanja wa maonyesho ya kilimo ulivyojaa hema za watu waliofukuzwa makwao. Mnakumbuka watu waliosalimiana miaka ishirini wakipishana bila kutazamana. Ilipokaribia Jamhuri, Desemba ya mwaka huo huo, sisi akina mama wa chama cha ushonaji tulikaa tukajiuliza tutaisherehekeaje. Kununua bendera? Bendera kila mtu alikuwa anaijua, na haikuwa imemzuia mtu kumchoma jirani yake. Mmoja wetu akasema, tuzunguke nyumba hadi nyumba tuombe kila nyumba kipande cha nguo, tuviunge tupate bango moja. Si pesa, kipande cha nguo tu.

Tukazunguka. Nyumba nyingine zilitufungia mlango. Nyingine zilitupa kipande kupitia dirishani bila kusema neno. Tukapata leso, tukapata kitenge, tukapata shuka jekundu la mzee mmoja, kaki ya kaptura ya shule, kipande cha sari chenye uzi wa dhahabu, kanzu kuukuu, amerikani ya kitambaa cha meza. Mama mmoja aliyekuwa amerudi kutoka kwenye hema alileta kona ya pazia. Ukingo wake mmoja ulikuwa umeungua, mweusi. Nikachukua mkasi niuondoe ule weusi ili kipande kikae vizuri. Akaniambia, usikate. Sikukata. Nikapiga pindo juu ya ule ukingo mweusi kama ulivyokuwa.

Tulishona majuma matatu. Bango lile tulilifunga kati ya nguzo mbili mwisho wa mtaa, tarehe 12 Desemba, likakaa siku tatu. Sikilizeni sasa kilichotokea, maana hiki ndicho kilichonileta hapa. Watu walikuja kutafuta kipande chao! Walikuja asubuhi, walikuja jioni wakitoka kazini, wanasimama chini yake wanainua kidole: kile pale, kile chetu. Na mtu akishapata chake, macho yanateleza hadi cha pili yake. "Hiki cha bluu ni cha nani?" Anauliza mtu ambaye hakuwa ameuliza habari za jirani yake tangu Januari. Wale waliotufungia mlango wakaja siku ya pili wakiuliza kama bado kuna nafasi.

Sisemi kitambaa kilileta amani Nakuru. Amani ililetwa na watu wengi, kwa kazi ndefu, na bado tunaitunza. Ninachosema ni kwamba niliona kwa macho yangu mtu anavyobadilika anapojiona ametundikwa juu, mahali pa wote, katika siku ya furaha. Na niliona anavyomtafuta mwenzake mara baada ya kujiona. Sasa fikirini jambo hilo halikutokea kwenye kona ya mtaa mmoja kwa siku tatu, bali kwenye barabara yetu kubwa, kila mwezi, mwaka mzima.

Idd inapokaribia, nguzo zipambwe kwa Idd. Diwali ikifika, kwa Diwali. Tarehe 7 Julai, siku ambayo dunia nzima inaadhimisha Kiswahili tangu 2022, kwa nini nguzo za Nakuru zisiwe na methali za Kiswahili kutoka mwanzo wa barabara hadi mwisho? Desemba, vijana wetu wanapotoka jandoni, na Krismasi nayo inabisha hodi. Na mpira! Vijana wangapi humu ndani mnajua kwamba ligi ya taifa ya Kenya ilipoanza mwaka 1963, bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru All Stars? Inueni mikono. Mnaona? Wazee wote wameinua, vijana watatu. Nguzo moja tu karibu na uwanja wa Afraha yenye mwaka huo na jina hilo ingefundisha watoto wengi kuliko mimi nikihutubia hapa kila Jumamosi.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, na hapa mnivumilie, maana hapa ndipo ninapojua.

Mwaka ule ule wa 2021 Nakuru iliingizwa na UNESCO katika mtandao wa majiji ya ubunifu. Kwa lipi? Kwa kazi za mikono na sanaa za jadi. Si kwa majengo yetu. Kwa wasusi, wachongaji, washona shanga, wafumaji. Basi jiji lenye sifa hiyo likitundika bango la plastiki lililochapwa mbali na kuletwa kwa lori, sifa hiyo tunaitumia wapi? Mimi naomba mabango ya sherehe yawe ya kitambaa, na yashonwe hapa. Kila chama, kila mtaa, kila shule itengeneze lake. Wanaojua batiki, batiki. Wanaojua kudarizi, wadarizi.

Lakini kitambaa cha barabarani si gauni. Nililijifunza hili kwa aibu. Kazi yangu ya kwanza ya namna hii ilikuwa bango la mahafali, kitambaa kizuri, rangi nzuri, pindo la sentimita tatu kama la pazia. Lilitundikwa asubuhi. Saa tisa alasiri upepo ukaanza kuteremka kutoka upande wa Menengai, na kabla ya saa kumi pete ya juu ilikuwa imeng'oka na nusu ya bango inapiga kioo cha matatu iliyojaa abiria. Dereva alisimama salama, namshukuru Mungu. Usiku ule sikulala. Nilijua kosa ni langu, na tangu siku hiyo nimejifunza kila ninachoweza kuhusu upepo.

Kwa hivyo nisikilizeni mafundi. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake kwenye kitambaa haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Bango lililotulia asubuhi linaweza kung'oa msumari jioni. Ndiyo maana bango la nguzo lazima lishikwe juu na chini, kwa mikono miwili ya chuma inayotoka kwenye nguzo, si kwa kamba shingoni. Pindo liwe pana kiasi cha kupitisha mkono huo wa chuma ndani yake, lishonwe mistari miwili kwa uzi wa nailoni, na pembe ziongezewe kitambaa. Upana wa sentimita 75 na urefu wa mita moja na nusu unatosha. Mtu atalisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Msitamani makubwa. Bango kubwa ni tanga, na nguzo ya taa haikujengwa kuwa mlingoti wa jahazi. Mikono ya chuma itengenezwe na vijana wetu wa jua kali, ifungwe kwa mkanda wa chuma bila kutoboa nguzo, na ianzie juu kuliko lori refu linaloweza kusimama pale chini.

Na jua. Tuko karibu na ikweta, tuko mita zaidi ya 1,800 juu ya usawa wa bahari, jua letu ni kali hata siku ya baridi. Nyekundu na njano hupauka kwanza. Umeweka maandishi mekundu juu ya kitambaa cheupe? Baada ya miezi michache utakuwa na kitambaa cheupe. Na vumbi, sihitaji kuwaeleza watu wa Nakuru habari za vumbi, inasemekana hata jina letu lenyewe kwa Kimaasai ni mahali pa vumbi. Kitambaa kinafuliwa. Kitambaa kinakunjwa, kinawekwa sandukuni, mwaka ujao kinatoka. Hiyo ndiyo faida yake kubwa. Bango la Idd la mwaka huu ndilo la Idd ya mwaka ujao, na watoto watakua wakilitambua kama wanavyotambua sufuria ya nyanya yao.

La plastiki halifuliwi. Linakwenda wapi likishatumika? Heri likiwahiwa na mama mboga akaezekea kibanda chake. Mengine yanaishia Gioto, kwenye jaa. Na wanaoishi karibu na Gioto mnajua moshi wa plastiki ile unavyokaba koo usiku. Sisi tulioacha mifuko ya plastiki mwaka 2017, tukasema hatuwezi, kisha tukaweza, tunashindwa na hili?

Niseme neno juu ya kushusha, kwa sababu watu hupenda kutundika na hakuna anayependa kushusha. Bango la sherehe iliyopita linaumiza. Naliamini hili kwa moyo wangu wote. Mmewahi kupita chini ya "Krismasi Njema" mwezi wa Aprili, imechanika, kipande kimejisokota kwenye waya? Unahisi nini? Unahisi hakuna mwenyewe. Kwa hivyo katika pendekezo letu kwa bodi ya jiji tumeandika kwamba bango lipande majuma mawili kabla ya sherehe na lishuke ndani ya siku tatu baada yake. Kila chama kiweke amana kidogo, kirudishiwe siku bango linaposhushwa likiwa zima. Wasioweza kuweka amana, tuwachangie. Lakini kushusha, lazima.

Upande wa sheria nitapita haraka, wenzangu wataueleza. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti mambo mawili yanayotuhusu: udhibiti wa matangazo ya nje, na shughuli za utamaduni. Yote mawili yako mikononi mwa serikali moja, hapa hapa Nakuru, hatuhitaji kupanda gari kwenda Nairobi. Nguzo zilizo kando ya barabara kuu ya Nairobi hadi Eldoret ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa, hizo tusiziguse bila idhini yao. Na nguzo za Kenya Power zenye nyaya za umeme, hizo tusiziguse kabisa. Kijana yeyote atakayekuambia anaweza kupanda, mwambie ashuke.

Kuna jambo gumu nisilotaka kulizunguka. Nani ataamua ni sherehe ya nani itundikwe? Mzee mmoja aliniuliza wiki jana: mkimruhusu huyu, si mtalazimika kumruhusu na yule? Nikamjibu, ndiyo, mzee wangu, ndiyo maana tunalifanya. Wote waruhusiwe. Kuwe na kalenda moja ya mwaka mzima, iandikwe wazi, ibandikwe mahali kila mtu anaposoma. Anayewahi anaandikwa, na sherehe mbili zikigongana nguzo zigawanywe nusu kwa nusu, upande huu wenu, upande ule wao. Bango liseme furaha ya wenyewe, lisiseme neno juu ya dini au kabila la mwingine. Miji mingi ya Marekani ina mipango ya namna hii kwa ajili ya sherehe za wakazi, na mingi kati yake humruhusu mfadhili kuweka jina lake kwenye sehemu ndogo tu. Nasi tufanye hivyo. Mwenye duka akitununulia kitambaa, jina lake liwe ukanda mwembamba chini, ahsante sana. Asituandikie bei ya mchele.

Na wanasiasa? Uchaguzi wa Agosti 2027 unakuja. Nawaheshimu viongozi wetu, baadhi wako hapa na wamekaa wakatusikiliza. Lakini naomba tukubaliane leo, mbele ya mashahidi hawa wote, kwamba nguzo za sherehe hazitabeba sura ya mgombea yeyote. Yeyote. Hata yule ninayempenda mimi. Tunakubaliana? Sijasikia kule nyuma. Tunakubaliana? Haya. Imeandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano.

Mwisho, mnaona kile kilichokunjwa pale mezani karibu na mlango. Ndicho kile cha 2008. Kimefuliwa, kimeshonwa tena mara mbili, na ile kona nyeusi bado ipo, mtaiona upande wa chini kushoto. Mama aliyeileta alifariki miaka michache iliyopita. Mjukuu wake yuko humu ndani leo.

Tunataka kushona kingine kwa ajili ya tarehe 1 Desemba, siku ya jiji letu, na safari hii kisiwe kimoja bali kimoja kwa kila mtaa. Tunahitaji vipande. Mraba wa shubiri mbili kwa shubiri mbili, nguo yoyote ambayo imevaliwa au kutumika nyumbani kwako, isiwe mpya. Nyuma yake andika jina la mtaa kwa kalamu isiyofutika. Cherehani zetu ziko wazi kila Jumatatu na Alhamisi, asiyejua kushona atafundishwa, wanaume pia. Mwenye nyundo na ngazi nzuri atuachie namba yake ya simu. Na kama kuna mtu amevaa leso leo na yuko radhi kuanza nayo, mkasi uko pale mezani.